Vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia: mwongozo kamili wa kuvitumia kila siku bila kukosea

Mwanafunzi wangu mmoja hufanya kazi ya mapokezi katika hoteli ya ufuoni, kaskazini mwa Mombasa. Usiku mmoja mgeni akapiga simu kutoka chumbani: "The shower is playing up. Could you get someone to sort it out?" Binti huyu Kiingereza cha shule anacho, tena cha kutosha. Akashika kalamu akaandika kwenye daftari la zamu: "Mgeni anacheza bafuni." Fundi hakwenda. Asubuhi mgeni akateremka na taulo begani, hajaoga, uso kaukunja.

"Mwalimu," akaniambia Jumamosi, "kila neno nililisikia. 'Play' naijua, 'up' naijua."

Shida iko hapo hapo. "Play up" si kucheza na wala si juu. Ni kitu kusumbua, kufanya kazi kwa kusuasua. Na "sort out" ni kushughulikia jambo mpaka litengenee. Vitabu vya shule huviita "phrasal verbs". Darasani kwangu tunaviita vitenzi vyenye mkia. Kitenzi ni kichwa, na kile kijineno cha "up", "off", "out" au "on" ndicho mkia. Ukibadilisha mkia, mnyama amekuwa mwingine.

Makosa ninayosahihisha ni yale yale kila muhula, kwa hivyo nimeyapanga hapa kwa utaratibu ninaofundishia.

## Unachohitaji

Daftari moja la kurasa 96. Kalamu mbili, nyekundu na ya buluu (rangi zina kazi, utaona kwenye hatua ya 3). Simu yenye kinasa sauti. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ziko za bure kwenye intaneti. Na dakika 20 kwa siku, kwa wiki 6.

Usichohitaji ni ile orodha ya vitenzi 500 uliyotumiwa kwenye WhatsApp. Ifute. Orodha za namna hiyo hupangwa kwa alfabeti, kwa hivyo "give in", "give up", "give out" na "give away" zinakujia siku moja, zimefanana kama maembe ya mti mmoja. Kesho yake hujui ipi ni ipi.

## Hatua ya 1: Mkumbuke "piga"

Kabla ya Kiingereza, fungua ukurasa wa kwanza uandike: piga simu, piga pasi, piga deki, piga hodi, piga picha, piga mswaki, piga magoti, piga kura, piga chafya. Kuna anayepigwa hapo? Hakuna. Wala hakuna mtoto wa Mji wa Kale aliyewahi kuuliza pasi imekosa nini hata ipigwe. Alilipokea neno pamoja na mwenzake, mara moja, kama jozi ya makubazi.

"Kata" nayo ni hivyo hivyo: kata tamaa, kata shauri, kata rufaa, kata kiu, kata simu. Kisu hakipo.

Sasa kwenye ukurasa unaofuata andika "put" na mikia yake sita. Mbele ya kila kimoja weka neno la Kiswahili moja tu, si maelezo:

- "put on": vaa
- "put off": ahirisha
- "put out": zima (moto, sigara)
- "put away": hifadhi
- "put through": unganisha (simu)
- "put up with": vumilia

Sababu ya kuandika neno moja ni kwamba akili ikipewa maneno mawili itayatafsiri mawili. Andika "weka mbali" kando ya "put off" na utabaki ukiweka mikutano mbali hadi uzeeni.

Mkia una dokezo lake, na dokezo hilo husaidia kukumbuka. "Up" mara nyingi hufanya kazi ya "pomoni" au "kabisa" yetu: "fill up" ni kujaza pomoni, "use up" ni kutumia mpaka kiishe, "eat up" ni kula ukamaliza sahani. "Off" aghalabu hubandua kitu kutoka kilipokuwa, kama vile sisi tunavyogeuza "vaa" ikawa "vua". Viatu unavi-"put on" nyumbani, na mlangoni pa msikiti unavi-"take off".

Hadhari: dokezo ni la kukumbukia, si la kubahatishia. Yule binti wa mapokezi angetumia "pomoni" kwenye "play up" angepotea zaidi ya alivyopotea.

Utajua umefaulu ukisoma "They put off the meeting" na "ahirisha" ikakujia kabla ya "weka".

## Hatua ya 2: Okota kumi kutoka kwenye siku yako

Si kumi za kitabu. Kumi za kwako. Mwendesha tuktuk, muuza viazi karai na karani wa forodha pale Kilindini hawaishi siku moja, basi wasijifunze vitenzi vimoja.

Anza unapoamka, uende hadi unapolala. Andika sentensi nzima yenye mahali unapopajua:

"I woke up at five but I got up at six." Macho yalifunguka saa kumi na moja, kitandani nikatoka saa kumi na mbili. Ni vitenzi viwili, na wengi hudhani ni kimoja. (Na saa za Kiingereza zigeuze mapema kichwani, nimeona watu wakikosa usafiri kwa hilo.)

"We set off before the queue at Likoni got long." "Set off" ni kushika njia.

"The matatu broke down on Nyali Bridge." Imeharibika njiani.

"I ran into my old teacher at Marikiti." Nimekutana naye bila kutarajia.

Hicho cha mwisho kitazame vizuri. "Run into" ukiwa kwa miguu ni kukutana. Ukiwa nyuma ya usukani ni kugonga. Dereva akiandika "I ran into a lorry at Changamwe", hakuna atakayedhani waliamkiana.

Hapa pia ndipo panapotatiza kupanda na kushuka. Sisi tuna "panda" moja kwa vyombo vyote. Kiingereza kina mbili. Basi, treni na feri ni "get on" na "get off". Teksi, tuktuk na gari dogo ni "get in" na "get out". Njia ya kukumbuka: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on"; unachoinama na kujipenyeza ni "in". Bodaboda, kwa kuwa unaikalia kama punda, ni "on". Matatu nayo huenda na basi, ingawa ukiwa umekunjwa kiti cha nyuma kabisa unaweza kuwa na maoni tofauti.

Na "alight"? Si kosa. Ila ni Kiingereza cha kibao na cha tangazo la stesheni. Ukimwambia mgeni "You will alight at Mwembe Tayari" atakuelewa, lakini utakuwa umezungumza kama kipaza sauti. Sema "get off at Mwembe Tayari".

Utajua umefaulu ukiweza kuzisema sentensi zako kumi bila daftari, ukiwa unakanda unga au unasubiri feri.

## Hatua ya 3: Jua "it" inakaa wapi

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, tena wale wanaojiona wamefika. Ipe wiki mbili.

Angalia:

"Turn off the fan." Sawa.
"Turn the fan off." Sawa.
"Turn it off." Sawa.
"Turn off it." Kosa.

Wanafunzi huniuliza kwa nini, nami huwarudisha nyumbani. Sema kwa Kiswahili: "Nitazima feni." Feni imekaa nje ya kitenzi, peke yake. Sasa usiitaje feni: "Nitaizima." Ile "-i-" imekwenda wapi? Imebanwa katikati ya kitenzi. Hungesema "nitazima-i". Kiingereza nacho hufanya hivyo hivyo: jina kamili linaweza kukaa nje, lakini "it", "them", "me" na "her" hubanwa katikati, baina ya kichwa na mkia. Kwa hivyo: "pick me up", "drop them off", "fill it in", "put it on".

Ukishaiona "-i-" ndani ya "nitaizima", hutasema "turn off it" tena. Kwa jambo hili lugha yetu imetutangulia kutufundisha.

Lakini vipo vitenzi visivyokubali kitu chochote katikati. "Look after" ni kutunza, nawe husema "look after her", hata siku moja si "look her after". "Look for" (tafuta), "run into" na "come across" (kutokea kukiona kitu) ni wa kundi hilo. Vyenye mikia miwili navyo huwa havipasuliwi: "put up with it", "run out of it", "look forward to it".

Utavijuaje? Hapa ndipo kamusi na kalamu za rangi zinapofanya kazi. Baadhi ya kamusi za wanafunzi huweka mshale wenye vichwa viwili, "↔", baina ya kitu na mkia. Ukiuona, kitenzi kinapasulika: kiandike kwa nyekundu. Usipouona, na kitu kimeandikwa mwishoni, hakipasuliki: kiandike kwa buluu. Herufi "sb" ni mtu na "sth" ni kitu, zisikutie hofu.

Kisha chukua sentensi zako kumi, ondoa jina, weka "it" au "him". Zisome kwa sauti.

Hadhari: wakati ukibadilika, kinachobadilika ni kichwa tu. "She turned it off", "he picks them up", "it broke down". Nimewahi kusahihisha "turn-offed" kwenye daftari la mtu mzima, na sikucheka. Karibu nicheke.

Utajua umefaulu mwenzako akikutajia kitenzi ghafla nawe ukajibu na "it" mahali pake bila kutulia kufikiri.

## Hatua ya 4: Tofautisha kuisha na kuishiwa

Muuza duka wa Majengo aliniandikia: "Sugar has run out of." Nusu amepata.

Kiswahili tuna "sukari imeisha" na "tumeishiwa na sukari". Habari ni moja, mbele ya sentensi wamekaa tofauti. Kiingereza hupanga hivi: kilichoisha kikiwa mbele, mkia ni mmoja, "The sugar has run out." Aliyeishiwa akiwa mbele, mikia ni miwili, "We have run out of sugar." Kwa maneno mengine, "run out" ni kuisha, "run out of" ni kuishiwa. Yule bwana "of" hatokei mpaka awepo mtu wa kulalamika.

Fanya zoezi kwa vitu vinavyoisha kwako kweli: gesi, salio, madafu, chenji, subira. "I have run out of patience" Waingereza husema sana, nawe utaihitaji ukiwa benki.

## Hatua ya 5: Rekebisha yale tuliyoyazoea hapa

Kiingereza cha Kenya kina mazoea yake, na mengine siyaiti makosa. Baina yetu, "pick me at Buxton" inaeleweka, na anayekukosoa mbele za watu ana lake. Lakini ukizungumza na mgeni au ukiandikia kampuni ya nje, mkia usiuache.

"Pick" na "pick up". Mwongoza watalii alimwandikia mteja: "I will pick you from the hotel at six." "Pick" bila mkia ni kuchagua au kuchuma, kama unavyochuma embe. Sema "I will pick you up from the hotel". Simu nayo unai-"pick up" au unai-"answer". "He is not picking my calls" ni ya kwetu.

"Put off the lights". Hapa kila mtu ataelewa na atazima. Mgeni anaweza kusikia "ahirisha taa". Tumia "turn off" au "switch off".

"Cope up with". Haipo. Ni "cope with", basi. Nadhani iliazima "up" kutoka kwa jirani zake wawili, "put up with" na "keep up with".

"I look forward to meet you". Hii hupatikana mwishoni mwa karibu kila barua ya kuomba kazi ninayoletewa. Baada ya "look forward to" kitenzi huvaa "-ing": "I look forward to meeting you." Sababu ni kwamba "to" hapo ni mkia, inangoja jina, na "-ing" ndiyo inayokigeuza kitenzi kuwa jina, kama "ku-" yetu katika "kuonana kwetu".

"Fill the form". "Fill" pekee ni kujaza kama ndoo. Fomu ni "fill in". Marekani husema zaidi "fill out".

Kuna na ugonjwa wa upande wa pili, kubandika mkia pasipotakiwa: "discuss about", "return back", "emphasise on". Katika hizo tatu kata mkia, kichwa kinatosha.

## Hatua ya 6: Ukaze mkia kwa sauti

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tukiibeba tabia hiyo, "turn it off" tunaikaza katikati, kwenye "it", na msikilizaji anabaki akingoja habari. Katika vitenzi vyekundu, vile vinavyopasulika, ukibana "it" au "me" katikati uzito huangukia mkia: turn it off, pick me up, fill it in.

Na maneno huungana. "Pick it up" kwa masikio yetu ni kama "pikitap". "Turn it off" ni "tanitof". Ukingoja kuyasikia matatu mbalimbali hutayasikia kamwe.

Jirekodi ukisoma sentensi tano. Sikiliza kesho yake, si papo hapo, maana papo hapo utasikia ulichokusudia badala ya ulichosema. Mkia ukisikika wazi hata simu ikiwa upande wa pili wa chumba, songa mbele.

## Hatua ya 7: Pima pa kuvitumia

Vitenzi vyenye mkia ni vya mdomoni zaidi. Kwenye simu, dukani na mapokezi, "put off" ni bora kuliko "postpone", na "look into" ni laini kuliko "investigate". Ukimwambia mgeni mwenye bomba bovu "We shall investigate", ataangalia kama umekuja na polisi.

Kwenye ripoti na barua rasmi, geuza: "postpone", "investigate", "tolerate". Ila usiviogope kabisa. "Please fill in the attached form" huandikwa hata na ofisi zenye mihuri mitatu.

## Hatua ya 8: Jipime, kisha ongeza

Mwisho wa wiki ya 6 mpigie rafiki simu, mzungumze Kiingereza dakika 5 kuhusu siku ilivyokwenda, na umwombe ahesabu mikia. Saba sahihi, umepita. Pungufu ya nne, rudi hatua ya 3. Karibu kila mara tatizo ni "it".

Ukipita, ongeza vitano kwa wiki, visizidi. Na ukikutana na kitenzi unachokijua kikiwa na maana mpya, kipe ukurasa wake mwenyewe. "Pick up" uliyoijua ya kumchukua mtu itakuja tena: "Business picks up in December", biashara huchangamka Disemba. Halafu tena: "He picked up Italian in Malindi", Kitaliano alikiokota kwa kusikiliza tu. "Take off" ni kuvua viatu, na ni ndege kupaa pale uwanja wa Moi. Ukizirundika kwenye mstari mmoja utazipoteza zote.

Yule binti wa mapokezi sasa ana daftari la pili. Wiki iliyopita mgeni alimpigia akisema kiyoyozi "is acting up". Kitenzi hicho hakuwahi kukisikia. Akauliza kwa upole, "Sorry, madam, is it not working properly?" na safari hii kwenye daftari la zamu akaandika: "Chumbani AC inasumbua. Fundi aende sasa hivi."